Altrasaundi ya figo ikiwa safi baada ya UTI ya kwanza, MCUG (eksirei ya kibofu kikijaa na kikikojoa) ya nini tena kwa mtoto?

#1 Mwansekwa
Kamwene wakuu. Naleta hoja, mnipinge kwa vithibitisho.

Mtoto wa kike, miezi 11, kilo 8, anatokea vijiji vya juu ya Makambako. Homa siku mbili, ilifika 39.4. mRDT ya malaria hasi. Mkojo uliotolewa kwa mpira (kateta) umeotesha E. coli. Kaanza dawa, homa imekata ndani ya saa 36, ananyonya vizuri. Altrasaundi ya figo na kibofu imeandikwa "kawaida". Mama ana swali moja na amelirudia mara tatu: mkojo wa mwanangu unarudi kwenye figo au haurudi?

Msimamo wangu: altrasaundi ikiwa safi baada ya UTI ya kwanza yenye homa, MCUG haina kazi. Mtoto apitishiwe mpira, apigwe mionzi, familia itafute nauli ya kwenda na kurudi, kwa jambo ambalo dalili tulizonazo mkononi zinatosha kulitabiri: umri, jinsia, ukali wa homa, aina ya mdudu, CRP (kipimo cha damu cha maambukizi) na altrasaundi. Nani anapinga?

#2 Sonografa_Isyesye
Napinga, na kazi yangu ni hiyo hiyo proba.

Altrasaundi haioni mkojo ukirudi, yaani mrejeo. Inaona alama ambazo mrejeo mkubwa huacha nyuma yake: pelvisi ya figo (mfuko wake wa kukusanyia mkojo) iliyotanuka, mrija wa kushusha mkojo kutoka kwenye figo ukiwa mnene nyuma ya kibofu, figo ndogo upande mmoja, ngozi nyembamba ya figo. Mrejeo wa daraja la kwanza na la pili (kati ya matano, la tano ndilo kubwa) hautanui kitu. Wa daraja la tatu na la nne unaweza kutanua pale tu unapotokea, na ukipima katikati ya vipindi unakuta figo imetulia. Neno "kawaida" kwenye karatasi lina maana ya "sijaona mtanuko dakika ile".

Ripoti inasemaje kuhusu haya: kibofu kilikuwa kimejaa? Mirija ilitafutwa nyuma ya kibofu? Pelvisi ilipimwa mbele kwenda nyuma, milimita ngapi? Urefu wa kila figo? Tofauti ya kulia na kushoto ikizidi sentimita 1 kwa mtoto wa umri huo, mimi siandiki "kawaida".

#3 Mionzi_Uyole
Ongeza ukuta wa kibofu. Kikiwa kimejaa, ukizidi milimita 3 nenda taratibu, hasa kwa mtoto wa kiume.

#4 Mwansekwa
Ripoti ina mstari mmoja. "Figo zote mbili za kawaida. Kibofu kitupu."

#5 Sonografa_Isyesye
Basi hapo nusu ya kazi haijafanyika, mkuu.

Kinachotokea ni hiki. Huku kwetu Juni na Julai chumba ni baridi, jeli imekaa mezani usiku kucha. Mtoto anavuliwa, tone la kwanza la jeli baridi likigusa chini ya kitovu anakojoa palepale kwenye shuka. Mpimaji anafuta, anahamia kwenye figo, anaandika kibofu kitupu. Dirisha la kuonea mirija ya chini limeshafungwa.

Chupa ya jeli iloweke kwenye bakuli la maji ya moto dakika kumi kabla. Mtoto anyonye au anywe nusu saa kabla. Anza na kibofu, tena kabla hajavuliwa pampasi yote: proba iingie kwa juu, tazama nyuma ya kibofu kulia na kushoto. Mrija wa kawaida hauonekani pale. Ukiuona na haupotei, andika upana wake. Kisha figo akiwa amelala kifudifudi begani kwa mama. Na akianza kukojoa usitoe proba, hamia kwenye figo haraka uangalie kama pelvisi inavimba anapokojoa. Halafu rudia baada ya kukojoa. Pelvisi iliyokuwa milimita 4 ikawa 9 wakati wa kukojoa ni habari tofauti kabisa na "kawaida".

#6 Maabara_Tukuyu
Mimi narudi nyuma ya #1. Mnatabiri mrejeo baada ya UTI, lakini je, ilikuwa UTI?

Mwansekwa amesema mkojo ulitolewa kwa mpira, hilo nampongeza. Ila watoto wengi wanaokuja na kikaratasi cha "UTI" mkojo wao ulitoka kwenye mfuko wa kubandika, au ulikamuliwa kwenye pampasi, ukaangaliwa kwa darubini, zikaonekana seli za usaha tatu nne, basi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipiga hesabu kwenye mwongozo wa 2011: ikiwa watoto 5 kati ya 100 wenye homa ndio wana UTI kweli, mfuko ukiotesha wadudu, asilimia 88 ya majibu hayo ni uongo. Sasa ukichukua kundi hilo ukaanza kulitafutia mrejeo, utashangaa kwa nini dalili zako hazitabiri kitu. Huwezi kutabiri kutoka kwenye ugonjwa ambao haukuwepo.

Na kijiti cha nitraiti kikiwa hasi kwa mtoto mchanga usimwachie. Nitraiti inahitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4 wadudu wafanye kazi. Mtoto wa miezi michache anakojoa kila baada ya muda mfupi, haufiki huko.

#7 Sista_Lupila
Naunga mkono #6. Kama kumpitishia mpira kunawashinda wazazi, kuna njia ya kudaka mkojo katikati. Safisha, shikilia kopo safi tayari, kisha chukua gozi iliyoloweshwa kwa normal saline baridi, msugue kwa mviringo juu ya kinena, chini ya kitovu, hadi dakika 5. Australia walijaribu kwa watoto 354 wa mwezi 1 hadi 12, wakatoa majibu 2017: asilimia 31 walikojoa ndani ya dakika tano, dhidi ya 12 waliosubiriwa tu. Huku Makete baridi inatosha bila friji, ila saline lazima iwe safi.

Wawili mfanye kazi hiyo. Mmoja anasugua, mwingine macho yake kwenye kopo, maana mkojo hauji mara mbili.

#8 Sonografa_Isyesye
Mnaona sasa? Baridi ile ile ninayoikwepa mimi, Sista anaitafuta. Ndaga fijo dada.

#9 Kihesa_Dawa
Turudi kwenye swali. Wengi hapa wanataja mrejeo kana kwamba ni jambo moja. Mimi nilisoma kwamba asilimia 80 ya watoto wenye UTI wana mrejeo, kwa hiyo kutabiri kwenyewe hakuna maana, wape wote dawa ya kinga.

#10 Dk_Ntokela
Hapana ndugu yangu Kihesa. Kwa watoto wenye UTI ya kwanza yenye homa, wanaokutwa na mrejeo ni kama theluthi moja, kuna vituo vinavyopata pungufu ya hapo. Hiyo 80 huenda umeisoma mahali panapozungumzia mrejeo mdogo kupona wenyewe mtoto anavyokua. Hapo ndipo takwimu kubwa za namna hiyo hutajwa.

Na madaraja ni muhimu. Mpangilio wa kimataifa wa 1985 ni huu kwa ufupi: la kwanza, mkojo unapanda kwenye mrija tu. La pili, unafika kwenye figo bila kutanua. La tatu, mtanuko kidogo. La nne, mrija umeanza kujipinda na vikombe vya figo vimekuwa butu. La tano, mrija umejikunja kama utumbo na alama za vikombe zimepotea. Kati ya theluthi hiyo, wengi ni la kwanza hadi la tatu. Swali la Mwansekwa lingekuwa na faida zaidi likiwa hivi: mtoto huyu ana la nne au la tano? Au ana la tatu litakalomrudishia homa?

Sasa nikipima dalili zake moja moja. Homa ya 39 na kuendelea inaongeza shaka, lakini pia ni homa ya kawaida ya maambukizi ya figo bila mrejeo wowote. Umri mdogo unaongeza shaka, kwa sababu kipande cha mrija kinachopita ndani ya ukuta wa kibofu bado ni kifupi. Kipande hicho kinatakiwa kiwe kirefu mara tano ya upana wa mrija ili kibofu kikijaa kiubane ufunge. Mtoto akikua kinarefuka, ndiyo maana wengi hupona bila kisu. Mdudu: E. coli ndiye wa kawaida, hasemi kitu. Klebsiella, Pseudomonas, Enterokokasi, hapo nainuka kitini.

#11 Maabara_Tukuyu
Kwa Proteus ningeweka alama ya tahadhari. Mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa hubeba Proteus chini ya govi. Ukimkuta kwenye mkojo wake si lazima awe na kibofu kibovu. Kwa msichana, Proteus ni habari nyingine.

#12 Mfuasi_wa_CRP
Wakuu mnazunguka. Kuna kipimo cha damu kinaitwa prokalsitonini. Ikizidi nanogramu 0.5 kwa mililita mtoto ana mrejeo, ikiwa chini hana. Kwisha. Tuagize vitendanishi, MCUG tuzike.

#13 Dk_Ntokela
Utafiti unaousema ulikusanya watoto 1,012 kutoka nchi 10, ukachapishwa 2011. Ulipata kwamba prokalsitonini ya nanogramu 0.5 na kuendelea ina uhusiano na mrejeo, na kwa mrejeo wa daraja la tatu na zaidi iliwanasa asilimia 83. Hilo ni jambo zuri. Ila uwezo wake wa kuwaondoa wasio nao ulikuwa asilimia 43.

Tuiweke mezani. Chukua watoto 100, tuseme 10 wana daraja la tatu kwenda juu. Kipimo kinawanasa 8, wawili wanakupita. Kati ya 90 wasio nao, kinawaacha huru 39, na 51 kinawapeleka MCUG bure. Kwa hiyo unapiga picha 59 kuwapata 8, na bado umewakosa wawili. Umepunguza picha, ndiyo. Umeizika MCUG, hapana.

CRP ni dhaifu zaidi ya hapo. Waholanzi mwaka 2000 walitunga kanuni ya alama: jinsia ya kiume, umri, historia ya ukoo, CRP na mtanuko kwenye altrasaundi. Vitu vile vile vya #1. Wafaransa walipoijaribu kwa watoto wao haikusimama kama ilivyosimama kwao. Kanuni hizi zina kawaida ya kufanya vizuri nyumbani zilikozaliwa.

#14 Mfuasi_wa_CRP
Nimekuelewa daktari. Hesabu hiyo ya 59 sikuwahi kuifanya.

#15 Kihesa_Dawa
Naomba kuuliza na mimi la ukoo. Nasikia mrejeo ni ugonjwa wa wazungu, kwetu haupo sana. Ndiyo sababu hatuuoni?

#16 Dk_Ntokela
Tafiti za Marekani zilionyesha watoto weusi wanakutwa na mrejeo kwa uchache kuliko weupe. Hilo lipo. Lakini usilichukue ukalifanya sababu ya kutokupima. Kule kwenyewe mwongozo wa 2011 uliondolewa mwaka 2021 kwa sababu ulitumia rangi ya mtu kupima hatari, na kikokotoo cha UTI ya watoto kikatengenezwa upya bila rangi.

Kwetu, mtoto anayefikia kupigwa picha ni yule aliyekwisha kuugua mara nne. Wengine hawahesabiki. Huwezi kusema samaki hawapo mtoni kwa sababu wewe hukutupa nyavu.

#17 Mionzi_Uyole
Sikubaliani moja kwa moja na daktari. Hata kati ya wanaoletwa kwa sababu nzito, tunaona vali za njia ya mkojo (vikunjo vya kuzaliwa navyo vinavyozuia mkojo kutoka) kwa watoto wa kiume na vibofu vya watoto wenye mgongo wazi kuliko mrejeo wa kuzaliwa nao ulio peke yake. Inaweza kuwa nyavu, inaweza kuwa samaki wenyewe. Sijashawishika na upande wowote.

Ila kwa vile MCUG imetajwa kama adhabu, niseme inavyofanywa vizuri, maana MCUG mbaya inatabiri vibaya kuliko altrasaundi.

Mpira: kwa mtoto wa miezi 11 tumia mpira wa kulishia namba 5 au 6, usio na puto. Puto likijazwa ndani linaziba mlango wa mrija, au linaficha vali kwa mvulana. Kwa msichana hakikisha umeingia kwenye kibofu, mkojo utoke; mpira ukiingia ukeni utajaza dawa mahali pasipo na swali. Ukiusukuma mwingi kupita kiasi unaweza kujikunja na ncha ikaingia kwenye mrija wenyewe, ukapiga picha ya "mrejeo" ulioutengeneza wewe.

Dawa ya ayodini: kama una ya miligramu 300 kwa mililita, ichanganye nusu kwa nusu na normal saline. Ikiwa nzito inachoma utando wa kibofu. Iwe na joto la mwili. Chupa itundikwe si zaidi ya mita 1 juu ya meza, itiririke yenyewe. Msisukume kwa bomba la sindano. Ukisukuma unajaza kibofu kwa nguvu ambayo mtoto hana, na mrejeo unaouona si wake.

Kiasi: chini ya mwaka 1, kilo mara 7. Mtoto wa Mwansekwa, kilo 8, ni mililita 56. Kuanzia miaka 2, umri jumlisha 2, zidisha 30. Wa miaka 3 ni 150.

Picha: moja kibofu kikianza kujaa, hapo ndipo unaona uvimbe wa mrija ndani ya kibofu kabla dawa haijaufunika. Za pembeni kibofu kikijaa, kulia na kushoto. Kisha akikojoa. Hii ndiyo picha yenyewe, mrejeo mwingi unatokea sekunde hizo. Mvulana apigwe kwa ubavu njia yote ya mkojo ionekane. Na ya mwisho baada ya kukojoa, ikifika hadi juu kwenye figo. Wachanga wajazwe mara mbili hata tatu, kuna mrejeo unaojitokeza raundi ya pili.

Asipokojoa, mmwagieni maji ya vuguvugu miguuni, mama amshike. Msizime taa mkaondoka.

#18 Sista_Lupila
Na dawa ya kinga siku hiyo isisahaulike. Mwongozo wa NICE wa Uingereza unasema siku 3 za antibayotiki ya kumeza, MCUG iwe siku ya pili. Watoto wanarudishwa na homa baada ya picha kwa sababu hakuna aliyeandika hilo kwenye karatasi ya rufaa.

#19 Mwansekwa
Mionzi_Uyole, ndaga. Swali: si lazima kusubiri wiki 6 baada ya UTI? Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba uvimbe wa maambukizi unaleta mrejeo wa muda.

#20 Dk_Ntokela
Wiki 6 si sheria. Mtoto akishapona, homa imekata na mkojo umesafika, anaweza kupigwa. Faida ya kumpiga mapema ni kwamba yupo. Ukimwambia mama arudi baada ya wiki 6 kutoka Ludewa msimu wa mvua, wengi hawarudi.

Wiki 6 zina maana zaidi kwa altrasaundi. Sumu ya E. coli hulegeza misuli ya mrija, ukipima siku ya pili ya homa unaweza kuona mtanuko utakaopotea. Nao NICE, kwa mtoto wa chini ya miezi 6 aliyepona haraka, wanasema altrasaundi ndani ya wiki 6. Ile ya papo hapo ni kwa UTI isiyo ya kawaida: mtoto aliyezidiwa, mkojo unaotoka kwa shida, uvimbe tumboni, kreatinini iliyopanda, wadudu kwenye damu, asiyepata nafuu ndani ya saa 48 za dawa sahihi, au mdudu asiye E. coli.

Kwa orodha hiyo, mtoto wa #1 hana hata moja. Kwa NICE na kwa mwongozo ule wa Marekani wa 2011, hapelekwi MCUG sasa. Kwa hiyo kwenye uamuzi, Mwansekwa, tupo pamoja. Tunatofautiana kwenye sababu. Wewe unasema hatumpeleki kwa sababu tumeshatabiri hana mrejeo. Mimi nasema hatumpeleki ingawa hatujui.

#21 Kihesa_Dawa
Sasa kama hatujui, si tumpe Septrin ya kinga tu? Dozi naijua: trimethoprimu miligramu 2 kwa kilo, mara moja usiku. Kilo 8 ni miligramu 16. Maji ya 240 kwa mililita 5 yana trimethoprimu 40, kwa hiyo mililita 2. Chini ya wiki 6 za umri asipewe.

#22 Dk_Ntokela
Hesabu yako ni sahihi kabisa. Tatizo ni kinachofuata. Utafiti wa RIVUR, 2014, watoto 607 wenye mrejeo wa daraja la kwanza hadi la nne, miaka 2 ya dawa hiyo hiyo. UTI zilizojirudia zilikuwa kwa watoto 39 dhidi ya 72 wa dawa bandia. Nusu. Lakini makovu ya figo yalilingana pande zote mbili, na E. coli waliojirudia kwa waliokuwa kwenye dawa walikuwa sugu kwa asilimia 63, dhidi ya 19. Hapo ni watoto ambao mrejeo wao umeonekana kwa picha. Wewe unataka kuwapa hata wasio nao, mahali ambapo Septrin imetumika kwa kila kikohozi.

#23 Maabara_Tukuyu
Na kuna watoto waliozaliwa na mama wenye VVU ambao tayari wako kwenye Septrin tangu wiki ya 6. Wakipata UTI wakiwa humo, mdudu huenda akawa sugu kwayo. Oteshweni mkojo, msibadilishe dawa kwa kubahatisha.

#24 Kamwene_Mafinga
Makovu yakilingana pande zote, basi tunatafuta mrejeo wa nini? Mimi naona makosa yapo kwenye mwelekeo. Tafuta figo iliyoumia, kwa DMSA (picha ya nyuklia inayoonyesha makovu ya figo), kisha ndipo uulize mkojo unarudi au la. Figo isiyo na kovu, mrejeo wake mwacheni nao.

#25 Mionzi_Uyole
DMSA inatumia teknishiamu 99m, nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Inafanyika palipo na jenereta na kamera ya gamma, si kila mji. Na kwa kovu la kudumu unasubiri miezi 4 hadi 6 baada ya maambukizi. Kinadharia uko sawa, kinauli unampeleka mama mbali zaidi.

#26 Dk_Ntokela
Halafu si kila "kovu" ni kovu. Wavulana wengi wenye daraja la tano wamezaliwa na figo iliyokwisha kuharibika tumboni, kabla ya UTI yoyote. Wasichana ndio wanaopata makovu mapya. Waswidi 2010, watoto 203 wa mwaka 1 hadi 2 wenye daraja la tatu na la nne: wasichana waliofuatiliwa bila dawa walirudiwa na UTI yenye homa asilimia 57, waliokuwa kwenye dawa 19. RIVUR inasema hivi, Waswidi wanasema vile. Wote wana hoja.

#27 Sista_Lupila
Mmesahau kibofu kinachoshikiliwa. Kwa msichana wa miaka 4 hadi 8, kabla ya kutabiri kitu chochote, uliza choo. Choo kigumu kama punje za mbuzi, mara mbili kwa wiki, utumbo umejaa unakandamiza kibofu, mkojo haumaliziki. Uliza kama anachuchumaa na kubana kisigino katikati ya miguu ili asikojoe. Shule yenye tundu moja la choo kwa wasichana mia, lisilo na mlango, mtoto anabana tangu saa mbili asubuhi hadi anaporudi nyumbani. Shinikizo hilo peke yake linaweza kuurudisha mkojo kwa mtoto ambaye mlango wake ulikuwa unatosha. Kukojoa kila saa 3, miguu iguse chini, parachichi na mboga, maji. Kwenye RIVUR hao ndio waliofaidika na dawa ya kinga kuliko wote.

#28 Kamwene_Mafinga
Na tohara? Wavulana wetu wa Iringa na Njombe wengi walikuwa hawatahiriwi wachanga. Tohara inaondoa mrejeo.

#29 Dk_Ntokela
Haiondoi mrejeo, inapunguza UTI. Kwa mvulana wa kawaida unatahiri 111 kuzuia UTI moja. Kwa mwenye mrejeo mkubwa unatahiri 4. Hapo kutabiri kuna faida ya moja kwa moja.

#30 Mwansekwa
Wakuu, nimerudi wodini. Nimemwita mama, nikamuuliza maswali ambayo sikumuuliza mwanzo. Altrasaundi ya ujauzito: alipimwa mara moja, mwezi wa 5, hakuambiwa kitu. Shinikizo la damu au figo kwenye ukoo: hakuna anayejua.

Halafu akasema, "Mbona hata Doto aliwahi kuwa na homa kama hii mwezi wa tatu." Mtoto wetu ni Kurwa. Doto ni wa kiume, yuko nyumbani kwa bibi. Alipewa sindano tatu kwenye zahanati, mkojo haukupimwa.

Kesho Kurwa anarudia altrasaundi, jeli ya moto, kibofu kimejaa. Doto je?

#31 Dk_Ntokela
Ndugu wa mtoto mwenye mrejeo, karibu 27 kati ya 100 wanakutwa nao. Lakini hiyo ni pale mmoja amethibitishwa. Kurwa hajathibitishwa. Doto nisingempeleka MCUG.

#32 Mionzi_Uyole
Mimi ningeanza na Doto kabla ya Kurwa. Mvulana, homa isiyoelezeka, mkojo haujulikani. Mama akimleta, kwanza mtazameni akikojoa: unatoka kwa nguvu na kwenda mbali, au unadondoka? Mpapase chini ya kitovu baada ya kukojoa. Kibofu kikibaki kigumu kama limau, au altrasaundi ikionyesha ukuta mnene, msisubiri homa ya pili. Mpira kupita kirahisi usiwadanganye, kwenye vali unapita.

#33 Sonografa_Isyesye
Waleteni wote wawili kesho saa tatu. Kurwa anaanza, Doto ananyonya akisubiri. Mpigie mama leo umwambie asiwakojoze njiani.

#34 Mwansekwa
Amekubali. Bibi anashuka na Doto kwa basi la alfajiri. Nimemwomba amvalishe pampasi kavu wakifika stendi, aone ni muda gani inalowa na kama mkojo unatoka kwa mkupuo au kidogo kidogo.